Mbuzi Hazai Kila Jumanne



Wapendwa taifa la Mungu, juma hili tunaomba kusema nanyi juu ya jambo ambalo halitajwi sana mimbarini, ijapokuwa linatajwa kila siku visimani, magulioni na njiani watu watokapo kanisani. Jambo lenyewe ni mikopo ya vikundi wanayopewa akina mama wa vijijini ili wafuge mbuzi, nguruwe, kuku au ng'ombe wa maziwa.

Hoja yetu tunaiweka wazi tangu mwanzo, ili anayetaka kuipinga ajue pa kushika. Mkopo unaodai rejesho kila juma kutoka kwa mnyama anayebeba mimba miezi mitano si msaada kwa mfugaji. Ni mzigo uliovikwa vazi la msaada. Na dhamana ya kikundi, inapotumika kama fimbo, humfanya jirani kuwa mdai wa jirani yake.

Hatusemi haya kwa kubeza historia ya mikopo hii. Mwaka 1976, katika kijiji cha Jobra nchini Bangladesh, mwalimu wa chuo kikuu Muhammad Yunus aliwakopesha watu 42 jumla ya dola 27 ili wajinasue kutoka mikononi mwa walanguzi. Kutokana na mbegu hiyo ilizaliwa Benki ya Grameen, iliyopata usajili kamili mwaka 1983, na mwaka 2006 Yunus na benki hiyo walitunukiwa Nishani ya Nobel ya Amani. Hapa Tanzania taasisi za namna hiyo zilianza kuenea katika miaka ya 1990. Mama asiye na hati ya shamba, ambaye mlinzi wa benki asingemruhusu hata kuvuka kizingiti, alipata kukopesheka kwa neno la wenzake. Hilo lilikuwa jema, na aliye mkweli hulikiri.

Lakini jema lisipopimwa huoza. Basi na tupime.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwaweka wakopeshaji katika madaraja manne, na Benki Kuu ikawawekea wale wasiopokea amana ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Tuchukue mfano wa mkopeshaji anayetii ukomo huo, tusimchukue mlanguzi. Mama anakopa shilingi 400,000 kwa miezi sita, riba ikikokotolewa juu ya mkopo wote tangu mwanzo hadi mwisho. Riba itakuwa shilingi 84,000, na deni lote 484,000. Likigawanywa kwa majuma 26, kila juma atatakiwa kuleta zaidi ya shilingi 18,600. Na kwa kuwa kila juma anarudisha sehemu ya mkopo, wastani wa fedha anazobaki nazo mkononi ni kama nusu tu ya zile alizokopa. Hivyo riba anayoilipa kwa kweli ni karibu maradufu ya ile iliyoandikwa kwenye fomu.

Sasa tumwangalie mnyama. Nguruwe jike hubeba mimba siku 114, yaani miezi mitatu, majuma matatu na siku tatu, kama wafugaji wetu wanavyohesabu. Watoto wakinyonya majuma manane, tunapata siku 170. Hata kama nguruwe huyo alipandwa siku ile ile aliponunuliwa, mama atakuwa amekwisha kulipa marejesho 24 kati ya 26 kabla hajauza mtoto hata mmoja. Mbuzi hubeba mimba siku 150 hivi; ukiongeza miezi mitatu ya kunyonyesha, mkopo umekwisha muda wa majuma manane kabla mwanambuzi hajaachishwa ziwa. Ng'ombe hubeba mimba miezi tisa, na kabla ya kuzaa hatoi hata kikombe kimoja cha maziwa. Muda wote huo mnyama anakula: pumba zinanunuliwa, mashudu yananunuliwa, dawa ya kuogesha inanunuliwa.

Je, marejesho 24 yalitoka wapi? Swali hili ndilo tungependa kila afisa mikopo alijibu mbele ya dhamiri yake. Hayakutoka kwa nguruwe. Yalitoka kwenye kibarua cha kupalilia shamba la mwingine wakati shamba la mama mwenyewe linameza magugu. Yalitoka kwenye debe la mahindi lililouzwa mwezi wa mavuno, bei ikiwa chini, ili lije kununuliwa tena mwezi wa njaa, bei ikiwa juu. Yalitoka kwenye fedha ya daftari na sare. Na yalipokosekana huko kote, yalitoka kwa mkopeshaji wa pili, kisha wa tatu, hadi mama akafika kwa wale ambao watu wenyewe wameipa mikopo yao jina linalojieleza: kausha damu.

Ndiyo maana hatuvutiwi na sifa inayotangazwa kwa fahari, kwamba akina mama ni walipaji wazuri na kwamba karibu kila shilingi inarudi. Shilingi kurudi kunatuonesha kwamba mkopeshaji yu salama. Hakutuoneshi kwamba mama yu salama. Mtu aliyeshikwa shati na wenzake wanne atalipa hata kwa kuuza mlango wa nyumba yake. Je, tuite malipo hayo maendeleo?

Hapo tumegusa dhamana ya kikundi. Wanasema kikundi ni udugu, na udugu ni jambo letu Wakristo. Udugu wa kweli hubebeana mizigo, lakini dhamana hii mara nyingi hufanya kinyume: mmoja akikosa rejesho, wote hukalishwa mkutanoni hadi lipatikane, na wasipoliona huenda kwake kubeba sufuria, godoro na kuku. Mkopeshaji hana haja ya kuinua mkono. Mikono ya majirani inamtosha. Jumapili watu wale wale wanatakiwa kupeana amani mbele ya altare, na jioni ya Jumuiya wasali rozari katika nyumba ile ile waliyoitoa vyombo. Baadhi ya akina mama huacha kuja Jumuiya, na tukidhani kwamba imani yao imepoa, tutakuwa tumewakosea. Wanaona haya.

Neno la Mungu halikunyamaza juu ya mambo haya. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, mkopeshaji anakatazwa kuchukua jiwe la kusagia liwe rehani, kwa sababu kulichukua ni sawa na kuchukua uhai wa mtu. Katika sura hiyo hiyo anakatazwa kuingia ndani ya nyumba ya mdaiwa kujichagulia rehani. Yampasa asimame nje, naye mdaiwa amletee. Na vazi la mjane haliguswi kabisa. Wapendwa, mbuzi jike mwenye mimba ndiye jiwe la kusagia la mjane wa leo. Anayemswaga kumpeleka mnadani ili kufidia marejesho mawili amechukua pamoja naye chakula cha mwaka ujao, na ada ya shule, na tumaini.

Tunajua jibu la wakopeshaji, nalo si jibu la kipuuzi. Wanasema kuwafikia watu vijijini ni gharama. Wanasema pasipo nidhamu ya kila juma fedha hutawanyika, na taasisi ikifilisika maskini watarudi kwa walanguzi. Kanisa linaielewa hoja ya gharama. Mwaka 1462 Wafransisko wa Perugia, Italia, walianzisha mfuko wa kuwakopesha maskini, na mwaka 1515, katika Mtaguso wa Tano wa Laterano, Papa Leo wa Kumi aliihalalisha mifuko ya namna hiyo kutoza kiasi cha kufidia gharama za uendeshaji tu. Naye Papa Benedikto wa Kumi na Sita, katika waraka wake Caritas in Veritate wa mwaka 2009, alihimiza mikopo midogo na papo hapo akaonya juu ya riba inayowanyonya wanyonge. Basi mkopeshaji na afidie gharama zake. Tunachokataa ni kalenda yake.

Tena kalenda hiyo si amri iliyoshuka kutoka Sinai. Utafiti uliofanywa Kolkata nchini India, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2013, uliwalinganisha akina mama walioanza kulipa baada ya majuma mawili na wenzao waliopewa miezi miwili ya kupumua. Waliopumua waliwekeza zaidi, na baada ya miaka kama mitatu faida ya biashara zao ilikuwa kubwa zaidi. Ni kweli pia kwamba walioshindwa kulipa waliongezeka miongoni mwao, nasi hatulifichi jambo hilo. Lakini linatufundisha kwamba ratiba ngumu humlinda mkopeshaji kwa gharama ya ukuaji wa mkopaji. Kuhusu dhamana ya pamoja, huko Ufilipino watafiti Xavier Giné na Dean Karlan waliona kwamba vikundi vilivyoondolewa dhamana hiyo havikuzidi vingine katika kushindwa kulipa. Grameen yenyewe iliacha kudai dhamana ya pamoja mwanzoni mwa miaka ya 2000. Je, sisi tung'ang'anie fimbo ambayo aliyeichonga ameitupa?

Tena kuna ugonjwa. Homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba. Ikiingia kijijini, bwana mifugo huweka karantini: nguruwe hauzwi, nyama haisafirishwi, hata ya aliye mzima. Sheria inasimamisha soko, lakini hakuna anayesimamisha rejesho. Mama anayetii karantini kwa faida ya jamii nzima anaadhibiwa peke yake kwa utii wake. Je, hiyo ni haki?

Basi tufanye nini? Kulalamika bila kuonesha njia ni kupoteza muda wa msomaji.

Kwanza, tuirudie njia ambayo wazee wetu waliijua na miradi mingi ya mifugo imeifuata: kopa ng'ombe, lipa ng'ombe, kopa mbuzi, lipa mbuzi. Mama hupokea mtamba, naye hulipa kwa kumpa jirani mtamba wa kwanza atakayezaliwa. Deni linalipwa kwa saa ya mnyama, na anayelipwa ni maskini mwingine. Nchini Rwanda mpango wa Girinka, ulioanza mwaka 2006, umejengwa juu ya msingi huo huo.

Pili, akina mama wajikopeshe wenyewe kabla ya kukopeshwa. Utaratibu wa vikundi vya kuweka na kukopa ulioanzia Niger mwaka 1991 ndio uliotuzalia VICOBA: sanduku moja, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu. Riba inayolipwa humo hurudi kwa wanachama wenyewe. Na kwa kuwa ratiba hupangwa nao, wanaweza kuamua kwamba mkopo wa mbuzi ulipwe mbuzi wanapouzika.

Tatu, tuidai haki iliyopo. Halmashauri zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 kati ya hizo ni ya wanawake. Mikopo hiyo ilisitishwa Aprili 2023, ikarejeshwa mwaka 2024. WAWATA na viongozi wa Jumuiya wasaidie akina mama kuandika katiba za vikundi na kufuatilia, wala wasiwaachie wajanja wa mjini vikundi vya kubuni.

Nne, chanjo iende pamoja na mkopo. Kuku wa kienyeji huangamia kwa kideri, nayo chanjo ni tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu. Kukopesha kuku bila kukopesha tone hilo ni kupanda mbegu juu ya mwamba.

Na tano, mkopeshaji yeyote anayetaka kusikilizwa na waamini wetu aulizwe maswali manne hadharani, na kila mama ayakariri: Rejesho la kwanza ni lini, na mnyama wangu atazaa lini? Riba inakokotolewa juu ya mkopo wote au juu ya deni lililobaki? Mnyama akifa au karantini ikiwekwa, itakuwaje? Na nikishindwa, nani ataingia nyumbani kwangu? Asiyeweza kujibu haya kwa Kiswahili kinachoeleweka asipewe nafasi katika viwanja vya kanisa, hata akija na mchango wa mabati.

Tukumbuke mjane wa 2 Wafalme, sura ya 4, ambaye mdai alikuwa njiani kuja kuwachukua wanawe wawili. Nabii Elisha hakumhubiria uvumilivu. Alimwuliza ana nini nyumbani; akamtuma kwa majirani kuazima vyombo; na mafuta yalipojaa akamwambia auze, alipe deni, na yeye na wanawe waishi kwa kilichobaki. Zingatieni, wapendwa: majirani katika habari ile walileta vyombo. Hawakuja kuvichukua. Na hesabu ya nabii haikuishia pale deni lilipolipwa, bali pale mjane alipobaki na cha kuishi.

Hicho ndicho kipimo chetu cha kila mkopo utakaoingia katika vigango vyetu. Juma hili, katika Jumuiya zenu, tunaomba msome sura hiyo pamoja, kisha mtajiane, bila kuaibishana, ni nani kati yenu anayelala bila usingizi kila ifikapo Jumatatu usiku. Mkishamjua, msimwache peke yake.