Magic aligoma kubaki bango, ndiyo maana ana mkwanja

Wapenda soka wa hapa kwetu wanamjua Michael Jordan kwa raba na LeBron James kwa jezi namba 23. Earvin 'Magic' Johnson wengi wanamjua kwa jambo moja tu, kwamba ni yule mcheza kikapu wa Marekani aliyepata Ukimwi na hakufa. Ukimtaja kijiweni, sentensi inayofuata huwa ni ileile: "Yule ana hela bwana, ana dawa zake."

Hapo wanamkosea mara mbili. Hana dawa zake za peke yake, nitalifikia hilo. Na hela anazosifiwa nazo, sehemu kubwa hakuzipata uwanjani.

Tuanze na hela. Mwaka 1981 Lakers walimpa mkataba wa miaka 25 wenye thamani ya dola milioni 25, na dunia nzima ya michezo ikashika mdomo. Piga hesabu, ni dola milioni moja kwa mwaka. Leo chipukizi anayeingia NBA kwa mshahara wa chini kabisa anavuta zaidi ya hapo. Lakini Oktoba 2023 jarida la Forbes lilimtangaza Magic kuwa bilionea, likakadiria utajiri wake kuwa dola bilioni 1.2. Kabla yake wanamichezo waliofika huko kwenye hesabu za Forbes walikuwa watatu tu, Jordan, Tiger Woods na LeBron. Swali la kujiuliza ni hela hizo zimetoka wapi.

Jina lenyewe alipewa bure. Akiwa na miaka 15 tu, kwenye mechi ya sekondari kule Lansing, Michigan, alifunga pointi 36, akachukua ribaundi 18 na kutoa asisti 16. Mwandishi wa gazeti la mji huo, Fred Stabley Jr, akaona jina la Earvin halitoshi, akamwita Magic. Mama yake, mtu wa dini, hakulifurahia. Limebaki hadi leo, na mwandishi hakulipwa hata senti ya matumizi yake. (Tumezoea.)

Jina likawa mali, ila mwanzoni mwenyewe hakujua kulitumia. Alipoingia NBA mwaka 1979, kampuni za raba zilimfuata. Converse walimwekea mezani fedha taslimu, dola 100,000 kwa mwaka. Nike, waliokuwa bado wadogo, hawakuwa na fedha za namna hiyo, wakamwambia watampa hisa. Kijana wa miaka 19, mtoto wa mfanyakazi wa kiwanda cha magari, hisa angezijulia wapi? Akachukua fedha. Amelisimulia jambo hilo mara nyingi na huwa anajicheka, maana hisa zile leo zingekuwa na thamani ya mabilioni ya dola.

Akaja na duka. Alifungua duka la vifaa vya michezo Los Angeles akaliita Magic 32, kwa namba ya jezi yake. Lilikufa ndani ya mwaka mmoja, likaondoka na dola 200,000. Sababu ilikuwa rahisi, alinunua bidhaa alizozipenda yeye, za bei ya mtu anayelipwa milioni, badala ya zile ambazo mteja anayeingia dukani angezimudu. Mastaa wetu waliofungua baa wakajaza vinywaji vya bei ya hoteli kubwa katikati ya uswahilini wanaijua vizuri stori hii.

Tofauti yake na wengine ni kwamba alienda kusoma. Tajiri wa Lakers, Jerry Buss, mtu wa biashara ya majengo, alimweka karibu na kumfundisha. Alimfuata pia Michael Ovitz, wakala mwenye nguvu kule Hollywood, ambaye alimtaka kwanza aanze kusoma kurasa za biashara kwenye magazeti, aachane kidogo na zetu za michezo. Mwaka 1990 akaungana na Earl Graves, mwenye jarida la Black Enterprise, wakanunua kampuni ya kujaza na kusambaza Pepsi katika eneo la Washington. Angeweza kabisa kuchukua hela ya tangazo, akashika chupa, akatabasamu, akaondoka. Yeye akachukua sehemu ya kiwanda.

Mwaka uliofuata ndipo ilipoonekana kwa nini hilo lilikuwa na maana.

Novemba 7, 1991, mbele ya waandishi kwenye ukumbi wa Forum, Magic alitangaza kwamba amekutwa na virusi vya Ukimwi na anastaafu siku hiyohiyo. Alikuwa na miaka 32. Alikuwa ameoa Septemba, na mkewe Cookie alikuwa mjamzito. Hakusingizia damu ya hospitali wala sindano. Alieleza kwamba aliambukizwa kwa ngono isiyo salama, na kwamba alikuwa na wanawake wengi kabla ya ndoa. Sio malaika huyu, na hajawahi kudai hivyo.

Sisi tunaoandika leo wengi hatukuwa tumezaliwa, lakini tumekulia kwenye lugha iliyobaki. Wagonjwa wa kwanza Tanzania waligundulika Kagera mwaka 1983, na hadi Magic anazungumza, ugonjwa huo kwetu ulikuwa unatajwa kwa majina ya pembeni, 'miwaya', 'ngoma'. Mtu alikuwa anakonda, anazikwa, na msibani hakuna anayesema. Halafu anatokea mchezaji anayejulikana dunia nzima, mrefu futi sita na inchi tisa, amesimama na suti anasema, ninavyo.

Kilichofuata hakikuwa makofi tu. Makampuni yaliyokuwa yakiitumia sura yake kwenye matangazo yalimweka pembeni. Alicheza mechi ya nyota wote Februari 1992 na kuchukua tuzo ya mchezaji bora, akaenda Olimpiki ya Barcelona na kikosi kile cha Marekani na kurudi na dhahabu, lakini alipotaka kurejea Lakers msimu huo, baadhi ya wachezaji wenzake wa NBA walisema wazi wanaogopa kugusana naye akiwa na jeraha. Akaacha kabla msimu haujaanza.

Hebu tazama hapo. Sura ya mchezaji maarufu kabisa ilipoteza bei kwa siku moja. Ila sehemu yake kwenye kile kiwanda cha soda haikwenda kokote, maana hakuna mteja aliyeacha kunywa Pepsi kwa sababu ya majibu ya damu ya mmoja wa wenye kampuni. Kama angekuwa anaishi kwa matangazo pekee, ule mkutano na waandishi ungekuwa mwisho wa kipato chake.

Kuanzia hapo hakurudi nyuma. Mwaka 1994 alinunua hisa chache za Lakers wenyewe. Mwaka 1995 akafungua jumba la sinema eneo la Crenshaw, Los Angeles, mtaa wa watu weusi ambao makampuni ya sinema yalikuwa hayataki kuusogelea. Amewahi kusimulia jinsi hotidogi zilivyokatika mapema, kwa sababu watu wake hawaendi kula mgahawani kwanza ndipo waje sinema, wanakula hapohapo. Wale wenye majumba ya sinema hawakulijua hilo. Mwaka 1998 akaingia nusu kwa nusu na Starbucks, wakafungua migahawa ya kahawa zaidi ya 100 katika mitaa ya aina hiyo, vitafunwa vikabadilishwa na muziki ukabadilishwa. Alipouza sehemu yake mwaka 2010, pamoja na hisa za Lakers, alikuwa ameshalipa ada ya lile duka lililokufa.

Mwaka uleule wa 1998 alijaribu kuwa mtangazaji wa kipindi chake cha usiku kwenye runinga. Kilidumu wiki chache tu, kikafutwa. Na ukocha aliujaribu mwaka 1994, mechi 16, akashinda tano. Akawa bosi wa mpira wa kikapu pale Lakers mwaka 2017, akamleta LeBron, kisha Aprili 2019 akajiuzulu kwa kuwaambia waandishi kabla hajamwambia bosi wake Jeanie Buss. Ni mtu wa kupenda kuonekana, na kila alipouza kuonekana peke yake, mambo hayakuwa mazuri.

Hata kuhusu Dodgers, timu ya besiboli iliyonunuliwa mwaka 2012 kwa zaidi ya dola bilioni 2, magazeti yaliandika Magic kanunua. Ukweli ni kwamba mkubwa wa kundi lile ni Mark Walter, na Magic ana asilimia chache. Sura yake ilihitajika, akaitoa, ila kwa hisa. Amefanya hivyo tena na Washington Commanders mwaka 2023. Na Forbes walipochambua utajiri wake walikuta sehemu kubwa inatoka EquiTrust, kampuni ya bima ya maisha ya kule Iowa anayomiliki kwa asilimia 60. Huko hakuna jezi wala kelele za mashabiki.

Kuhusu dawa. Magic anaishi kwa dawa za kufubaza virusi, mchanganyiko ulioanza kutumika katikati ya miaka ya 1990, na mara kwa mara anarudia kwamba hajapona. Dawa za kundi hilohilo zinatolewa bure kwenye vituo vya afya vya umma hapa nchini. Kwa hiyo ile kauli ya kijiweni kwamba kilichomwokoa ni utajiri ina madhara, kwa sababu kuna kijana anaisikia na kuamua hakuna haja ya kwenda kupima.

Najua jibu nitakalopewa kuhusu biashara. Bongo sio Los Angeles, na hakuna Starbucks anayekuja kugawana nusu kwa nusu na beki wa kushoto. Sawa. Lakini bango lipo. Barabara zetu zimejaa nyuso za wachezaji zikiuza soda, benki, vifurushi na kubeti, na wapo wanaoitwa mabalozi kwa malipo ya simu mpya na hela ya mwezi mmoja. Goti likipasuka, picha inabanduliwa kabla hajatoka hospitali. Mwenye bidhaa hana kosa, amelipa alichoombwa. Tatizo ni aliyekaa upande wa mchezaji, ambaye anapigania ada ya usajili hadi usiku wa manane, kisha anasaini kifungu cha matumizi ya picha bila kukisoma.

Dirisha likifunguliwa tutaandika kama kawaida, nani kasaini wapi na kwa kiasi gani. Safari hii ningefurahi wakala mmoja tu anipigie simu kuniambia haki ya picha ya mchezaji wake imebaki kwa nani, na kwa asilimia ngapi.