Istilahi Pekee Hazitoshi

Mwanafunzi wa Garsen anayejifunza kuandika programu kwa lugha ya C akisahau nukta mkato, huenda kompaila ikamwelekeza kwenye mstari unaofuata, tena kwa Kiingereza cha mafundi. Atatafuta kosa mahali lisipokuwapo.

Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, ikadhihirika kuwa Kiswahili kinaweza kubeba istilahi za kompyuta. Hata hivyo, kuandika "kosa la kisintaksia" ni kutafsiri jina la kosa tu; msomaji bado hajui afanye nini.

Wakazi wa Tana wanalielewa jambo hili. Mabwawa ya juu, kama Masinga, yanapofurika, neno "tahadhari" tupu halimfai mkulima wa Kipokomo wala mfugaji wa Kiorma. Anataka kujua maji yatafika wapi, lini, naye ahamie wapi.

Vivyo hivyo, ujumbe wa kompaila hauna budi kutaja mahali, sababu na tiba. Tena utenganishe kosa linalozuia programu kujengwa na onyo linaloiacha ipite. Lugha ya Rust, iliyofikia toleo la 1.0 mwaka 2015, inasifika kwa kufanya hivyo, ila kwa Kiingereza.

Hoja yangu ni kwamba kazi hii si ya wahandisi peke yao. Sisi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili tuketi nao, tuziandike sentensi hizo, kisha tuwape wanaoanza kujifunza wazipime. Istilahi bila maelezo ni mtumbwi bila kafi.