Gesi ya AC hailiwi kama petroli

Joto likipamba moto Morogoro, wenye magari ya zamani hukimbilia kujaza gesi. Napinga. Gesi ya AC huzunguka ndani ya mfumo uliofungwa. Ikipungua, kuna mahali inavuja.

Corolla yangu ya 1998 hupanda Matombo mara kwa mara, na kokoto za njia ile huipiga bila huruma kondensa iliyo mbele ya rejeta. Nyumbani Kihonda naanza na yasiyo na gharama: fyuzi, mkanda wa kompresa, filta ya ndani (ile yangu ilikuwa shamba la vumbi). Kisha naosha kondensa kwa maji ya presha ndogo, na kupaka povu la sabuni kwenye maungio. Palipo na doa la mafuta lililonasa vumbi, hapo natazama mara mbili.

Kufyonza hewa na unyevu kabla ya kujaza namwachia fundi mwenye pampu. Asiyefyonza simlipi. Na anayeiachia gesi ipulize hewani nagombana naye: R134a, gesi iliyo kwenye AC kama yangu, hupasha dunia joto zaidi ya mara 1,000 kuliko uzito uleule wa hewa ya ukaa, na mwaka 2016 mataifa yalikubaliana Kigali, jirani hapa, kupunguza gesi za jamii hiyo.