Bustani ya kifalme, mboga za jikoni

Katika nyumba nyingi za mjini, kipande cha ardhi kilicho mbele ya mlango huzua ubishi usiokwisha. Mama anataka nyasi na maua, ili mgeni akiingia ajue amefika kwa watu. Baba, ambaye kila jioni huombwa pesa za mboga, anataka sukuma wiki. Mwishowe hapapandwi chochote, na mahali hapo huwa pa kuwekea mitungi mitupu na baiskeli mbovu.

Msomaji mpenzi, ubishi huo una suluhisho. Upo mtindo uitwao bustani rasmi, ambao hufuata vipimo: njia zilizonyooka, miraba iliyolingana, upande wa kulia ukifanana na wa kushoto. Wengi hudhani ni mambo ya wafalme, kwa kuwa bustani iliyovuma zaidi ni ile ya Versailles, Ufaransa, ambayo André Le Nôtre alimtengenezea Mfalme Louis wa 14 kuanzia miaka ya 1660.

Lakini huko huko Ufaransa kuna kasri la Villandry. Mwaka 1906 lilinunuliwa na Joachim Carvallo, daktari mzaliwa wa Uhispania, na mkewe Mmarekani, Ann Coleman. Walizifufua bustani zake, na mojawapo ni ya mboga: miraba tisa yenye ukubwa sawa, iliyopandwa mboga kwa kufuata rangi zake. Naam, watu hulipa kiingilio kwenda kutazama kabeji!

Siri yenyewe si pesa, ni kamba. Tafuta vigingi, kamba na utepe wa kupimia. Simama mlangoni utazame mbele. Mstari huo wa macho ndio uti wa mgongo wa bustani yako. Pima mraba wa futi 10 kwa 10, mstari huo ukipita katikati. Ili kona zikae sawa, mwite mwanafunzi wa hapo nyumbani akukumbushe Pythagoras. Kutoka kwenye kona, pima futi 3 upande mmoja na futi 4 upande wa pili. Umbali kati ya alama hizo mbili ukiwa futi 5 kamili, kona yako ni pembe mraba.

Kisha kata njia mbili zenye upana wa futi 2, zipitane katikati kama msalaba. Utabaki na vipande vinne, kila kimoja futi 4 kwa 4. Kipimo hicho kina maana: ukichuchumaa kando, mkono hufika katikati bila mguu kukanyaga udongo uliolimwa.

Changanya samadi iliyooza vizuri, halafu panda aina moja tu katika kila kipande: sukuma wiki, spinachi, vitunguu, dania. Nafasi kati ya miche iwe sawa, nayo mistari inyooke. Pale njia zinapopitana, weka chungu chenye waridi. Mama naye amepata ua lake.

Shida ya bustani ya namna hii huja siku ya kuvuna. Ukiufyeka upande mmoja, pambo lote limeharibika. Kwa hivyo chuma majani machache ya chini kutoka kila mche wa sukuma wiki, usimalize mmoja. Kwa vitunguu, ambavyo hung'olewa, weka miche mingine tayari kwenye mikebe ili uzibe pengo siku hiyo hiyo. Msimu ukiisha, hamisha kila mboga kipande kingine, kwani wadudu na magonjwa hupenda kuikuta mboga ile ile mahali pale pale.

Usianze na eneo kubwa. Mraba mmoja unaopaliliwa kila Jumamosi hupendeza kuliko uwanja mzima uliomezwa na magugu. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Leo ni Jumapili, watoto wako nyumbani. Mpe mmoja kamba, mwingine kigingi, muanze kupima.