Burse ya maskini inaombwa na pesa gani?

Ndugu vijana, tulimaliza lisansi, tunataka mastere. Pesa hakuna. Wakubwa wanatuambia: «Ombeni burse.» Sawa. Lakini dosie inaomba diplome yenye muhuri wa wizara, na muhuri unafuatwa Kinshasa! Mtu wa Kisangani atafika namna gani? Ao ndege, ao mashua, siku na siku ku mto. Mwenye kuwa na makuta ya ile safari, burse ni ya nini kwake?

Mama anauzisha mbuzi, mtoto anafika kule, wanamwambia: «Rudia kesho.» Tarehe ya mwisho inapita. Mtoto wa mukubwa, yeye anapiga simu tu.

Katiba ya 2006, kifungu cha 13, inakataza kubagua Mukongomani katika masomo. Basi kuzaliwa mbali na Kinshasa isikuwe kosa!

Tunadai mambo mawili:
1. Muhuri utolewe katika kila jimbo, yote 26.
2. Majina ya wenye kupata burse ya Leta yabandikwe wazi, pamoja na sababu.

Wewe mwenye dosie imelala, usinyamaze. Hatuombe huruma. Tunadai haki yetu!