Tusiwagawe wanafunzi kwa macho na masikio

Katika wiki ya pili ya mazoezi yangu ya kufundisha, kwenye shule moja ya Kadutu, niligawa darasa la Kiswahili katika makundi matatu. Wenye kujifunza kwa kuona niliwapa jedwali la ngeli. Wenye kujifunza kwa kusikia niliwapa simu yangu, ambamo nilikuwa nimejirekodi nikieleza upatanisho. Wale wa kujifunza kwa mikono walipata vipande vya katoni vyenye viambishi, wavipange. Siku iliyotangulia nilikuwa nimewauliza kila mmoja ni wa aina gani. Mwalimu msimamizi aliandika kwamba somo lilichangamka, nami nikafurahi.

Kabla ya kengele, msichana mmoja wa kundi la katoni aliniambia: "Mwalimu, na sisi tunataka kusikia." Nikamjibu kwamba yeye ni wa mikono. Jibu hilo linanisumbua hadi leo. Nilimnyima maelezo ya somo kwa sababu ya swali moja alilolijibu kwa kuinua kidole.

Kesho yake nikawaambia wafunge madaftari na kuandika sentensi tano kuhusu vitu vilivyomo darasani. Makundi yote matatu yaliniletea "kitabu yangu" na "kiti imevunjika". Ndivyo tunavyosema Bukavu, na mimi nyumbani nasema hivyo hivyo bila aibu. Lakini Kiswahili sanifu ndicho nilichotumwa kufundisha, na hakuna kundi hata moja nililolilazimisha kuutafuta upatanisho kichwani.

Sisi tunaosomea ualimu tunapenda kuandika mitindo ya kujifunza kwenye maandalizi ya somo, inaleta pointi. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake watatu walipitia tafiti zilizokuwapo, wakaona hazitoi ushahidi wa kutosha kwamba mwanafunzi hufaulu zaidi akifundishwa kwa mtindo wake. Kwamba watu wana mapendeleo, hilo hawakulikanusha. Mimi pia nilijiita mtu wa masikio miaka yote. Nikifikiri vizuri, nilisomeshwa kwa imla tangu shule ya msingi kwa kuwa kitabu kilikuwa kimoja, nacho kilikuwa mkononi mwa mwalimu. Yalikuwa mazoea, tena mazoea ya uhaba, nikayaita tabia yangu.

Nadhani kinachopaswa kuamua kati ya jicho na sikio ni jambo linalofundishwa. Matamshi ya "dh" na "th" hayaeleweki kwa jedwali, wala tahajia haifundishwi kwa kusikiliza tu. Simu ina kazi yake: inaweza kuleta darasani sauti ya mtu wa Unguja au Mombasa, ambayo koo langu haliwezi kuitoa. Kuwachezea wanafunzi sauti yangu mwenyewe, nami nimesimama palepale mbele yao, ulikuwa upuuzi. Na betri ilizimika katikati ya somo, kwani umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake.

Wenzangu wataniambia kwamba mbinu nyingi huchangamsha darasa. Sawa, basi ziwe za wote: katoni kwa wote, jedwali kwa wote, maelezo kwa wote.

Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, huko Marekani, walionyesha kwamba waliosoma matini kisha wakajaribu kuyakumbuka bila kuyatazama walibaki na mengi zaidi baada ya wiki moja kuliko walioyasoma tena. Hilo halihitaji umeme. Tangu nilipolisoma, kila somo langu linaanza na madaftari yaliyofungwa na sentensi tano. Wanafunzi wananung'unika.

Wiki iliyopita yule msichana aliandika, bila kumtazama mtu, "Kiti changu kimevunjika." Kisha akamgeukia jirani yake, akamwomba kalamu kwa Kiswahili chetu cha Bukavu.