Tulinde mlango wa nyumba, tusipekue vyumba

Hapana shaka kwamba intaneti imeingia majumbani mwetu na manufaa mengi. Watoto hujifunzia masomo na wazee husikilizia darsa. Lakini kwa mlango huo huo huingia jambo ambalo mwenye nyumba hakuliomba, nalo ni matangazo ya biashara. Mtoto anafungua hesabu za shule, linamtokea tangazo la kamari. Na gharama ya kulileta tangazo hilo anailipa mzazi.

Wengi hudhani dawa ni kuhangaika na simu moja moja. Ipo njia nyepesi zaidi. Kila simu, kabla ya kufungua ukurasa, huuliza kwanza anwani ya jina linalotafutwa kupitia mfumo wa DNS, uliobuniwa mwaka 1983. Ukurasa mmoja huweza kuuliza majina mengi, yakiwemo ya makampuni ya matangazo. Programu ya Pi-hole, itolewayo bure, huwekwa katika kompyuta ndogo, hata Raspberry Pi yenye ukubwa wa kadi ya benki, kisha ruta ya nyumba ikaelekezwa huko. Likiulizwa jina lililokatazwa, halipewi anwani ya kweli, na tangazo haliji. Hivyo nyumba nzima hukingwa mahali pamoja.

Kinga hii ina mipaka. Matangazo yatokayo mahali pamoja na video yenyewe, kama ya YouTube, kwa kawaida hupita. Na simu ikitumia bando lake, kinga haipo.

Hata hivyo, lililotusukuma kuandika ni jingine. Programu hiyo, isipobadilishwa mpangilio wake, huweka daftari la kifaa gani kimeuliza jina gani, na saa ngapi. Mzazi aliyekusudia kuzuia matangazo hujikuta ameshika siri za mkewe, za mama yake mzee, na za mgeni aliyelala kwake usiku mmoja. Je, kijana aliyetafuta habari za maradhi anayoona haya kuyataja, ni halali tumsome kwa siri?

Kuzuia tangazo ni ulinzi. Kulipekua daftari hilo ni tajassus, na dini yetu imeikataza. Ajabu iliyoje, tunayalaumu makampuni kwa kutufuatilia, kisha tuwafanyie hayo hayo watu wetu! Mtoto mdogo ana haki ya kuchungwa, lakini achungwe kwa kuambiwa na kufundishwa, si kwa kuviziwa.

Rai yetu ni hii. Vijana wenye ujuzi wawasaidie wazee wa msikiti kuiweka kinga hii. Anayeiweka aanze kwa kulifunga daftari, kwani mpangilio wa kufanya hivyo upo, kisha awaeleze watu wa nyumbani kilichowekwa na sababu yake. Nyumba ni amana, na siri za waliomo ni sehemu ya amana hiyo.

Wallahu a'lam.